Mpiga Upinde na Shabaha: Wastoiko katika Vitabu vya Malengo

Kila zama huwachukua wahenga wa zama zilizopita na kuwavisha nguo zake. Wastoiko, kama walivyoitwa katika tafsiri ya Kiswahili ya Matendo ya Mitume, wamevishwa katika karne hii joho la washauri wa mafanikio. Mwaka 2009 William B. Irvine, mwalimu wa falsafa wa Marekani, alichapisha A Guide to the Good Life. Mwaka 2014 Ryan Holiday akatoa The Obstacle Is the Way. Tangu hapo majina ya Epictetus, Seneca na Marcus Aurelius yamekuwa ya kawaida katika vitabu vya kujiendeleza. Mwenye kutaka kukuza biashara, kupunguza uzito, kumaliza mswada au kupanda cheo huambiwa kuwa hao ndio walimu wake: ayatenge yaliyomo katika uwezo wake na yasiyokuwemo, kisha azielekeze nguvu zake kwenye fungu la kwanza, naye atafika.

Ushauri huo si mbaya. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza kama ndio waliousema wahenga wenyewe. Na kama sio, kilichopotea njiani kina thamani gani. Ukirudiwa usomaji wa maandishi yao, hubainika kwamba watu hawa hawakuacha chombo cha kumfikisha mtu kwenye lengo alilokwisha kulichagua. Waliacha mafunzo ya kulibadili lengo lenyewe. Tofauti hiyo si ya wanazuoni peke yao, maana inamhusu kila aliyejitahidi kwa haki na asifike.

Mwanzilishi wa madhehebu haya, Zeno, alikuwa mtu wa kisiwani, mzaliwa wa Kition katika Cyprus. Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa habari za wanafalsafa, anasimulia kwamba Zeno alikuwa mfanyabiashara aliyebeba shehena ya rangi ya zambarau, na kwamba chombo chake kilizama karibu na Piraeus, bandari ya Athens. Akapanda mjini, akaketi dukani kwa muuza vitabu, na hapo ndipo falsafa ilipompata. Yapata mwaka 300 kabla ya Masihi alianza kufundisha katika ukumbi wa nguzo wenye michoro, kando ya soko la mji. Ukumbi wa namna hiyo kwa Kiyunani huitwa stoa, na wanafunzi wakapewa jina la mahali walipokaa. Waandishi wa Kiarabu nao walipowataja waliwaita watu wa riwaq, yaani ukumbi ule ule. Mfasiri wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali: hawa ni watu wa barazani, na falsafa yao ilisemwa mahali ambapo mpita njia aliweza kusikia na kuuliza. Ikiwa kisa cha jahazi ni cha kweli, basi madhehebu yenyewe yalianza kwa mpango ulioharibika. Mtu aliyekusudia kuuza zambarau alifika mjini hana cha kuuza, na swali lililombakia lilihusu aina ya mtu atakayekuwa.

Aliyeliweka swali hilo kwa ukali kuliko wengine ni Epictetus, aliyezaliwa katika karne ya 1 huko Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alikuwa mtumwa. Bwana wake mjini Roma, Epaphroditus, naye alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na kupanda hadi baraza la mfalme Nero. Epictetus alisoma kwa Musonius Rufus, akapata uhuru wake, na mfalme Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis, magharibi ya Ugiriki, akafungua chuo. Mafunzo yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian, ambaye alitoa humo muhtasari wa sura fupi fupi uitwao Encheiridion. Jina hilo lina maana ya kitu cha kushikwa mkononi. Kwa hivyo huitwa hivyo kijitabu, na huitwa hivyo pia kisu kifupi cha kujihami. Wahenga wa Kiswahili wamesema kuwa hamadi ni iliyo kibindoni na silaha ni iliyo mkononi. Ingekuwa vigumu kupata ufafanuzi wa jina la kitabu ulio bora kuliko methali hiyo.

Kijitabu kinaanza kwa kuyagawa mambo yote mafungu mawili: yaliyo juu yetu na yasiyo juu yetu. Katika fungu la kwanza zimo rai za mtu, misukumo yake ya kutenda, anayoyataka na anayoyakimbia. Katika la pili umo mwili, mali, sifa na vyeo. Hapa pana kazi kwa mfasiri. Vitabu vya Kiingereza vya siku hizi hupenda kutumia neno lenye maana ya udhibiti, kana kwamba mtu ameshika usukani. Maneno ya Kiyunani, eph' hemin, hayana usukani wala hatamu ndani yake, yako karibu mno na kauli ya Kiswahili isemayo "hilo ni juu yako." Anayeambiwa hivyo huambiwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba uamuzi ni wake, na kwamba dhamana pia ni yake. Neno la udhibiti hubakisha la kwanza na kuliangusha la pili. Msomaji wa vitabu vya mafanikio hutoka akijiuliza ana uwezo juu ya nini. Mwanafunzi wa Nicopolis alitakiwa ajiulize ataulizwa juu ya nini.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika sura ya 4. Mtu anakwenda hamamuni kuoga. Epictetus anamtaka, kabla ya kutoka nyumbani, ajikumbushe yanayotokea huko: wanaorusha maji, wanaosukumana, wanaotukanana, wanaoiba nguo za watu. Kisha ajiwekee makusudio mawili kwa wakati mmoja: kuoga, na kuihifadhi hiari yake katika hali inayolingana na maumbile. Akizuiwa la kwanza, la pili halikuzuiwa. Katika kisa hicho kidogo imo nadharia nzima ya malengo. Kusudio la nje halikufutwa. Mtu huyo anataka kweli kuoga. Lakini limefungwa pamoja na jingine, na hilo la pili ndilo lenye amri. Aliyepigana hamamuni akatoka na mwili safi, kwa hesabu ya Epictetus, amerudi nyumbani na hasara.

Picha iliyo maarufu zaidi imehifadhiwa na Cicero, Mrumi aliyeandika kwa Kilatini mwaka 45 kabla ya Masihi. Katika kitabu chake kuhusu ukomo wa mema na maovu anamfanya Cato kueleza habari za mpiga upinde. Huyu hufanya kila awezalo ili apige sawasawa, na kule kufanya kila awezalo ndiko ukomo wa kazi yake. Kuipiga alama ni jambo la kuchaguliwa, lakini si la kutamaniwa kama kheri yenyewe. Wastoiko walikuwa na maneno mawili hapa: skopos, yaani kitu kinachoelekezewa mshale, na telos, yaani ukomo wa tendo.

Kiswahili kinayo maneno ya kuyapokea yote mawili. "Lengo" limetokana na kulenga, tendo la mwenye upinde kabla mshale haujatoka. "Shabaha" ni kule mshale unakopelekwa. Matumizi ya kila siku yameyachanganya, hata mipango ya ofisi, ya shule na ya vikundi vya akiba husema lengo ilhali inakusudia shabaha. Hata hivyo lugha imeuhifadhi ukweli pembeni. Mtu akisifiwa kuwa "ana shabaha," hakuna anayefahamu kuwa anaimiliki ile alama iliyo mbali. Hufahamika kuwa jicho lake limetulia na mkono wake una ustadi. Neno limeondoka kwenye alama na kurudi kwa mpigaji, na huko ndiko Wastoiko walikotaka macho ya mtu yarudi.

Kijana anayesema kuwa lengo lake ni kufaulu mtihani, kwa mizani hii ametaja shabaha. Maswali yatakayotungwa, afya yake siku ile na hali ya msahihishaji si mambo yaliyo juu yake. Lengo lake ni kusoma saa alizojiahidi, kuuliza asichokijua bila ya kuona haya, na kutoandika jibu lisilokuwa lake. Mshairi anayetaka diwani yake ichapishwe ameweka shabaha njema. Lengo lake ni kutokiachia kina cha kulazimisha kipite kwa kuwa hakuna atakayekiona. Mzazi anayetaka mwanawe awe daktari ameweka shabaha ndani ya maisha ya mtu mwingine. Huyo Epictetus angemsimamisha kabla hajauvuta uzi wa upinde.

Irvine anastahiki sifa kwa kulirudisha suala hili mezani. Mfano wake wa mchezaji wa tenisi, ambaye hatakiwi kujiwekea lengo la kushinda bali la kucheza kwa kadiri ya uwezo wake wote, ni mfano mwema, na umewasaidia wengi kulifahamu jambo gumu. Walakini, sababu anayoitoa ndiyo yenye kasoro. Kwake yeye, lengo huhamishiwa ndani ili mtu asivurugike moyo akishindwa. Na huongeza kwamba anayecheza kwa uwezo wake wote amejipatia njia bora ya kushinda. Utulivu wa moyo umefanywa kuwa kheri kuu, na ushindi umebakishwa mlangoni ukisubiri kuitwa. Kwa Wastoiko wenyewe kheri kuu ilikuwa wema, yaani haki, ujasiri, kiasi na busara, na utulivu ulikuwa kivuli kinachomfuata mwenye kuushika. Anayekifukuza kivuli huweza kukipata kwa njia nyingine nyingi, ikiwemo kutojali. Mchezaji anayecheza kwa utulivu mkubwa huku akidanganya kuhusu mpira uliotoka nje, hatashitakiwa na kanuni ya utulivu. Kanuni ya Nicopolis ingemshitaki papo hapo.

Pingamizi kongwe dhidi ya fundisho hili lilitolewa na Plutarch. Aliona ni kichekesho kusema kwamba mpiga upinde hufanya kila kitu, lakini si kwa ajili ya kuipiga alama, bali kwa ajili ya kule kufanya kila kitu. Pingamizi hilo lina nguvu, na vitabu vya siku hizi aghalabu hulipita kimya. Jibu lake limo katika mazungumzo ya Epictetus kuhusu mchezo wa mpira. Wachezaji, anasema, hawauhesabu mpira kuwa kitu chema wala kibaya, lakini ustadi wao wote umo katika kuutupa na kuudaka. Mpira ukiondolewa, hakuna ustadi wa kuonyeshwa. Ndivyo ilivyo kwa shabaha: haina thamani ya mwisho, lakini bila yake mkono hauna umbo la kufuata. Kwa hivyo mpiga upinde wa Kistoiko hana ruhusa ya kujitetea kwa neno rahisi "nimejitahidi." Ataulizwa kama aliupima upepo, kama aliukagua uzi, kama alifanya mazoezi siku ambazo hakuna aliyekuwa akimtazama. Kujitahidi kwa namna hii ni deni zito kuliko kushinda, kwa kuwa mara nyingine mtu hushinda kwa bahati.

Katika mazungumzo yayo hayo umo mfano wa safari ya baharini, ambao watu wa visiwani hawahitaji kufafanuliwa. Ni juu ya msafiri kumchagua nahodha, mabaharia, siku na majira. Tufani ikizuka kati ya bahari, yake amekwisha kuyatimiza. Iliyobaki ni kazi ya nahodha, na chombo kikizama, limebaki juu yake jambo moja tu, namna atakavyokikabili kifo. Fasihi ya chombo na abiria ilisafiri mbali baada ya hapo. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu wa karne ya 9, katika risala yake ya kuondoa huzuni, aliutumia mfano wa abiria walioteremka pwani kwa muda na kushughulishwa na vitu vya kuokota, mfano unaofanana sana na ule wa sura ya 7 ya Encheiridion.

Kasoro ya kitabu cha Holiday ni ya aina nyingine. Jina lake limetokana na kifungu cha 20 cha kitabu cha tano cha Marcus Aurelius, mfalme aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180. Mfalme huyo aliandika kwa Kiyunani, akijisemesha nafsi yake mwenyewe, na sehemu ya maandishi hayo ina alama ya kuonyesha kuwa iliandikwa Carnuntum, penye kambi ya jeshi kando ya mto Danube. Holiday anakichukua kifungu hicho kuwa dawa ya kuvigeuza vikwazo kuwa ngazi: njia ikizibwa, mtu apate humo njia ya kuendelea hadi ushindi. Lakini Marcus anazungumza juu ya watu wanaomzuia kutenda lililo wajibu wake. Tendo lake laweza kuzuiwa, asema, lakini nia haizuiliki, kwa kuwa nia hutenda kwa sharti na hugeuza kila kizuizi kuwa mada yake mpya. Mfalme aliyezuiwa kutoa msaada anapata nafasi ya subira. Aliyetukanwa anapata nafasi ya kusamehe. Hakuna ahadi kwamba msaada utafika kwa njia nyingine. Anayekisoma kifungu hicho kama ramani ya kuendea ushindi ameuondoa uti wa mgongo wake.

Lile neno "sharti" lina uzito. Wastoiko waliliita hupexairesis, na Seneca analieleza vizuri: mwenye hekima huliambatanisha kila kusudio lake na kauli ya kuwa atafanya kadha na kadha, ila likitokea la kuzuia. Msomaji wa pwani atasikia humo mwangwi wa Inshallah. Ulinganifu upo, na mipaka yake ipo. Inshallah humwelekea Mola anayesikia dua. Sharti la Wastoiko huelekea kwenye akili inayouendesha ulimwengu, ambayo mtu hutakiwa kukubaliana nayo zaidi kuliko kuiomba. Hata ugonjwa wa kauli hizi mbili unafanana. Yupo asemaye Inshallah ilhali amekwisha kuamua kutokwenda, na yupo asemaye "matokeo hayapo juu yangu" ilhali upinde wake haujashuka ukutani. Sharti liliwekwa kwa ajili ya mwenye nia. Asiye na nia hana cha kuwekea sharti.

Kabla ya nia pana hesabu. Sura ya 29 ya Encheiridion inamhusu anayetaka kushinda michezo ya Olympia. Epictetus hamkatazi, wala hampigii makofi. Anamwamrisha ayatazame yanayotangulia na yanayofuata: kula kwa amri, kufanya mazoezi katika joto na baridi, kujisalimisha kwa mwalimu kama kwa tabibu, kuteguka mkono, kumeza mchanga, kuchapwa, na baada ya yote hayo kushindwa. Ikiwa bado anataka, na aende. Asipohesabu, atakuwa kama watoto ambao leo hucheza upiganaji mieleka, kesho upiga tarumbeta, keshokutwa uigizaji, bila ya kuwa chochote kwa moyo wao wote. Ni ajabu kwamba sura hii, iliyo karibu zaidi na kile kinachoitwa leo upangaji wa malengo, haina hata neno moja la kumtia mtu moto. Inampoza kwanza, ili ijulikane kama moto aliokuja nao ni wake au wa kuazima.

Kwamba mafunzo haya yana kazi nje ya darasa, ushahidi upo. James Stockdale, rubani wa jeshi la majini la Marekani, alikuwa amemsoma Epictetus alipokuwa mwanafunzi Stanford. Septemba 1965 ndege yake ilitunguliwa Vietnam ya Kaskazini, akafungwa zaidi ya miaka 7, hadi 1973. Miaka mingi baadaye alimweleza mwandishi Jim Collins, ambaye aliyaingiza mazungumzo hayo katika kitabu chake cha mwaka 2001, kwamba waliovunjika gerezani ni wale waliojiwekea tarehe: watatoka Krismasi, kisha Pasaka, kisha Krismasi nyingine. Walikuwa na shabaha na hawakuwa na lengo. Yeye alijiwekea kazi ya kila siku, namna ya kujibu anapohojiwa na namna ya kuwasaidia wenzake, bila ya kuacha kuamini kuwa mwisho upo.

Limebaki pingamizi la mwisho, nalo ndilo zito. Je, falsafa hii si kitulizo cha wanyonge, iliyotungwa na mtumwa ili watumwa waridhike? Epictetus mwenyewe anatoa nusu ya jibu kwa kisa cha Helvidius Priscus. Mfalme Vespasian alipomtumia habari asihudhurie baraza la wazee wa Roma, Helvidius alijibu kwamba kumwondoa barazani ni juu ya mfalme, lakini maadamu yumo, kuhudhuria na kusema la haki ni juu yake. Aliuawa. Mtu aliyelenga matokeo angehesabu na kunyamaza. Aliyelenga wajibu hakuweza kunyamaza. Hiyo si falsafa ya kuridhika.

Nusu ya pili ya jibu ni nzito zaidi kuitoa. Katika maandishi yaliyosalia, Epictetus hasemi kwamba utumwa uondolewe. Seneca, katika barua ya 47 kwa Lucilius, anahimiza watumwa watendewe kama binadamu na waketi mezani na mabwana, lakini hadai waachwe huru. Walifundisha jinsi mtu mmoja anavyoweza kubaki huru ndani ya pingu, wakaliacha swali la nani alizifunga. Mpaka huo ni wa kweli, na kuuficha ni kuwakosea walio na haki ya kuzikataa pingu zao. Mpiga upinde amefundishwa kupiga. Hakufundishwa vya kutosha kuuliza nani aliyeziweka alama uwanjani na kwa manufaa ya nani. Swali hilo msomaji wa leo hana budi kuliongeza mwenyewe.

Hata pamoja na upungufu huo, maandishi ya kale yanabaki na faida ambayo vitabu vilivyoyafuata vimeipunguza. Mkulima aliyelima kwa uangalifu mwaka ambao mvua haikunyesha, mwanafunzi aliyesoma kwa uaminifu akakosa alama mbili, mshairi aliyeziweka tungo zake sandukuni kwa kukosa mchapishaji: vitabu vya mafanikio havina la kuwaambia isipokuwa wajaribu tena kwa mbinu nyingine. Epictetus analo. Atawauliza walivyolima, walivyosoma na walivyotunga. Na jibu likiwa jema, hatawaambia kuwa wamekosa.